Sekunde Kumi na Nane za Nyundo Nne

Wimbo ni uleule. Maneno ni yaleyale, koo ni lilelile, gitaa linalia palepale lilipolia miaka thelathini na mbili iliyopita.

Lakini wimbo umerefuka kwa sekunde kumi na nane.

Hakuna ubeti ulioongezwa. Hakuna hata neno. Nilihesabu mwenyewe, na kwenye kuhesabu mimi si mtu wa kubahatisha.

Sasa hizo sekunde zimetoka wapi?

Kwa swali hilo niliwaita wanaume wanne waongo, nikachapa fulana themanini, nikajaza ukumbi watu wenye hasira. Jibu nilikuja kulikuta nyumbani kwetu, ndani ya kopo la biskuti.

Soma mpaka mwisho kabla hujanitukana. Wenzako walianza kutukana mapema, wakaishia kuomba radhi.

Mimi kazi yangu ni kuchapa fulana. Maandishi, picha, nembo za timu, chochote utakacho kifuani nakuwekea. Shule niliiacha mapema. Ushairi nilijifundisha mwenyewe kwenye daftari moja la jalada gumu, nikihesabu silabi kwa vidole, nane huku, nane kule. Ndiyo maana wakaniita Mizani.

Walioniita hivyo walidhani wananicheka. Nikalichukua jina nikalivaa.

Sasa, kama wewe ni wa juzi, Nyundo Nne ni bendi ya roki. Wanne hao walikuwa wachomelea vyuma kabla ya kushika magitaa, na ukisikiliza albamu yao ya kwanza, Karakana, utadhani bado wanachomelea. Mwimbaji wao anaitwa Msasa kwa sababu ya sauti yake. Ikikupitia, lazima ikuachie mchubuko.

Nimekua na Karakana. Baba anachonga funguo kwenye kibanda cha bati. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa chini ya meza yake, vumbi la shaba likinidondokea kichwani, redio kaseti ikiunguruma juu. Kanda ilikuwa hiyo moja. Ikiisha, anaigeuza. Ikikatika, anaiunga kwa gundi na subira.

Hesabu yangu ya kwanza ya mizani niliifanya kwa wimbo wa tatu, "Usinizime". Kwa hiyo mtu akiugusa wimbo ule, amenigusa mboni.

Wakaugusa.

Mwaka huu wazee walitoa albamu mpya. Nyimbo ni za zamani zilezile, zimerekodiwa upya. Wakaiita Karakana Upya.

Niliipakua asubuhi nikiwa kazini, nikavaa spika za masikioni, nikabonyeza wimbo wa tatu.

Nikasimamisha mashine.

"Vipi?" bosi akauliza.

"Wamemuua."

"Nani?"

"Wimbo, bosi. Wameua wimbo."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta namba ya hospitali.

Sauti ilikuwa imeshuka. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetafuta ndala gizani. Jioni, nyumbani, nikatoa kanda ya baba, nikapima. Dakika nne na nusu. Nikapima mpya. Dakika nne na sekunde arobaini na nane.

Nikaingia kwenye kundi letu la mtandaoni, Wana Karakana, watu zaidi ya elfu moja, nikaandika: "Wazee wamechoka. Wamepunguza mwendo ili mapafu yafike, halafu wanatuuzia uchovu kwa jina la upya. Nani yuko tayari kudanganywa?"

Kundi likalipuka.

"Umesema, Mizani!"

"Mimi nilidhani simu yangu mbovu."

"Hii ni Karakana ya wagonjwa."

Kama kawaida hapakosi mtu wa kutia mchanga kwenye uji. Kwetu anaitwa Takwimu. Huyo ukimwambia unampenda mama yako atakuuliza kwa asilimia ngapi.

Akaandika: "Mnalilia nini? Bendi yenyewe haikuwahi kuuza. Karakana iliuza nakala elfu tisa. Elfu tisa! Hata wimbo wa tangazo la sabuni umeizidi. Ukongwe si ukubwa."

Nikamjibu: "Wewe taja nyumba moja ya mtaa wako ambayo haikuwa na kanda ile."

"Sina haja ya nyumba. Nina namba."

"Na mimi nina masikio."

"Masikio hayauzi albamu, ndugu."

Tukabishana mpaka chaji ikaisha. Mimi kila nikifika kwenye elfu tisa nilikwama. Nilijua ni uongo. Kila duka la vinyozi, kila gereji, kila sherehe ilikuwa na Karakana. Elfu tisa ni za mtaa mmoja. Nikasema kampuni iliyowarekodi ilificha hesabu. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira, na wakati ule niliona vinatosha.

Halafu nikapata wazo la kumaliza ubishi.

"Kila mwenye kanda ya zamani aipime 'Usinizime' kwa saa. Aweke muda na picha ya kanda."

Ndani ya siku mbili zikaja picha sabini na mbili. Nne na nusu. Nne na nusu. Nne na ishirini na tisa. Nne na nusu.

Na kitu kingine. Karibu kila kanda ilikuwa na muhuri mdogo wa wino wa bluu kwenye karatasi yake. Nyota ya ncha tano, lakini ncha moja imekatika. Ya kwangu pia ilikuwa nayo.

"Huo ndio muhuri wa bendi," nikatangaza. "Alama ya Karakana halisi. Isiyo na nyota ni ya wezi."

Watu wakashangilia. Wengine wakaanza kutafuta kanda zenye nyota kwa udi na uvumba.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeleta jibu tofauti. Ni mzee anayetengeneza saa karibu na stendi, tunamwita Fundi Saa. Aliandika neno moja na namba: "Santuri. 4:48."

Tukamcheka mpaka huruma.

"Mzee, santuri yako imelowa."

"Mzee, hiyo saa au kalenda?"

Hakujibu. Watu wanaokaa na saa hawana haraka.

Kisha ikaja taarifa kubwa. Nyundo Nne watakutana na mashabiki Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi wa chama cha mafundi. Watapiga nyimbo chache, watauza albamu, na shabiki mmoja atapewa maiki kuzungumza nao ana kwa ana.

Kura zikapigwa kwenye kundi. Mia tatu na kumi na moja zikanipa mimi.

Nikaandika ubeti palepale, nikauweka kundini:

*Nyundo mlizozishika, mbona leo ni za pamba,*
*Ule moto wa kuwaka, mwauzima, mwajigamba,*
*Mwendo wake wakatika, kama mbuzi kwenye kamba,*
*Rudisheni Karakana, hii yenu hatutaki.*

Mstari wa mwisho nikauchapa kwenye fulana themanini. Nyeusi, maandishi mekundu, nyota ya ncha nne na kipande mgongoni. Ziliisha kwa siku moja.

Takwimu akanichokoza: "Na ukionekana umekosea?"

Kiburi kikanijibia. "Nikikosea, daftari langu la mashairi nalichana jukwaani. Lote. Miaka tisa ya kuandika."

"Tumeshika," akaandika. Watu mia wakaweka alama ya kidole.

Ijumaa mchana Fundi Saa akanipigia simu.

"Kijana, njoo dukani kwangu. Njoo peke yako."

Nikaenda nikiwa nimevaa fulana yangu makusudi.

Duka lake ni upana wa mlango na nusu. Saa zimejaa ukutani, nyingine zinatembea, nyingine zimekufa na majira yao. Mzee alikuwa na ile lenzi ya jichoni na kibano mkononi. Akaisoma fulana yangu kwa lenzi ileile, herufi kwa herufi, kama anatafuta kutu.

"Umechapa vizuri," akasema. "Kaa."

Akafunua kitambaa. Chini yake kulikuwa na mashine ya santuri, na kando yake Karakana. Santuri yenyewe. Sijawahi kuigusa maishani. Jalada kubwa, wanaume wanne wamevaa aproni za ngozi, na nyuma kila wimbo umeandikwa muda wake.

Wimbo wa tatu: 4:48.

"Wamekosea kuchapa," nikasema.

"Ndiyo maana nimekuita usikie, usisome."

Akaweka sindano. Akabonyeza saa ya kupimia mbio, akaniwekea kiganjani.

Msasa akaanza kuimba. Sauti ya kijana, safi, ya miaka thelathini na mbili iliyopita. Lakini ilikuwa chini. Mwendo wa mtu anayetafuta ndala gizani.

Wimbo ulipoisha sikutaka kutazama. Mzee akaninyanyua mkono taratibu.

Nne na arobaini na nane.

"Mashine yako inavuta," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia imepungua.

"Nimeipima asubuhi. Mizunguko thelathini na tatu na theluthi kwa dakika, haipungui, haizidi. Kazi yangu ni hii, mwanangu."

"Kanda sabini na mbili, mzee! Zote zidanganye?"

"Zikitoka chungu kimoja, kwa nini zisiwe na chumvi moja?"

Nikamrudishia saa yake ya kupimia. Saa zake zikaongea zenyewe.

"Kwa nini hukusema kwenye kundi? Ungeweka video, ungenimaliza."

Akavua lenzi. "Nilipokuwa na umri wako nilimwaibisha mtu mbele za watu kwa jambo la kweli. Ukweli ulibaki, mtu hakubaki. Mimi sitasema kitu. Kesho maiki ni yako."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Kichwani nilikuwa na neno moja tu. Chungu.

Baba alikuwa sebuleni anakunywa chai, miguu juu ya kigoda. Mama alikuwa anakunja nguo.

"Baba, hii kanda ya Karakana uliinunua wapi?"

Akacheka. "Niinunue?"

Mama akaacha kukunja.

"Baba, nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Sijawahi kununua kanda maishani. Nilikuwa nazitengeneza."

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kopo la biskuti lililoshika kutu kwenye kona. Ndani kulikuwa na bisibisi ndogo ya mpini mwekundu, kanda tatu tupu, kichupa cha wino kilichokauka. Na kipande cha ndala kilichochongwa kwa kisu.

Nikakigeuza. Nyota. Ncha tano, moja imekatika.

Nilihisi fulana imekuwa nzito mgongoni.

"Kisu kiliteleza," baba akasema, akiigusa ile ncha. "Nikaiacha hivyohivyo. Watu wakaizoea. Wakawa wanasema kanda ya nyota haikwaruzi."

"Ulikuwa unanakili kanda za watu na kuuza?"

"Kabla hujazaliwa. Kibanda kilekile. Santuri moja ya kuazima, mashine mbili. Kanda ya dakika tisini, upande huu albamu moja, upande huu nyingine. Mteja anapata mbili kwa moja. Nani angekataa?"

"Karakana ina dakika arobaini na nane, baba. Upande mmoja ni arobaini na tano."

Macho yake yakang'aa. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anasubiri mtu amuulize.

"Hapo sasa! Wenzangu walikuwa wanakata wimbo wa mwisho. Mimi nilikataa. Nyimbo za watu hukati. Kwa hiyo..." Akaokota bisibisi. "Nyuma ya mota ya mashine kuna skrubu. Unaizungusha kidogo, mashine inanakili polepole, nyimbo zinabanana, albamu nzima inaingia. Mteja akipiga kwenye redio yake ya kawaida, zinatoka mbio kidogo. Nani angejua?"

"Hukujua kwamba inabadilisha wimbo?"

"Inauchangamsha! Mama yako alinikubali kwa wimbo ule, muulize."

"Usinitie kwenye kesi yenu," mama akasema.

Nikakaa chini. Nikamweleza yote. Kundi, kanda sabini na mbili, Fundi Saa, fulana, maiki, daftari.

Baba alisikiliza. Uso wake ukaanza kukunjika taratibu, kama karatasi inayosogezwa motoni.

"Kwa hiyo unasema wale wazee wanaitwa waongo kwa sababu ya skrubu yangu."

"Ndiyo."

"Na wanaitwa bendi ya nakala elfu tisa..."

Hakuimalizia. Hakuwa na haja. Nyumba zote nilizokuwa namhesabia Takwimu, vinyozi, gereji, sherehe, zote kanda zake zilikuwa za baba.

"Usiende kesho," mama akasema. "Sema unaumwa."

"Mama, mimi siumwi."

"Basi nenda kaseme uliyosema. Nani anajua? Mzee wa saa kakwambia hatasema."

Hapo ndipo nilipoona jinsi ilivyo rahisi. Ukumbi mzima ulikuwa wangu. Ningesoma ubeti, ningepigiwa makofi, wazee wangeinamisha vichwa. Hakuna ambaye angejua.

Isipokuwa mimi. Na mimi nina tabia ya kuhesabu.

"Nitasema ukweli," nikasema. "Lakini jina lako sitalitaja, baba."

Baba alikuwa anazungusha bisibisi hewani, kidogo tu, kama anaifungua skrubu ambayo haipo tena.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Nusu ya watu walikuwa wamevaa hasira zangu. Rudisheni Karakana, rudisheni Karakana, kila kifua.

Wazee walikaa jukwaani kwenye viti vya plastiki. Mpiga ngoma alikuwa amefunga mkanda wa mgongo juu ya shati. Msasa ana miwani ya kusomea inaning'inia kifuani, na alikuwa anazisoma fulana moja baada ya nyingine. Pembeni kulikuwa na meza ya albamu mpya, zimepangwa, hakuna anayezigusa.

Nikapewa maiki. Watu wakapiga miguu sakafuni.

"Mizani! Mizani!"

Niliwatazama wale wazee. Mpiga besi alikuwa anafikicha vidole, vile vidole vya mtu aliyeungua na moto wa kuchomelea enzi hizo. Nikasema:

"Wazee wangu, nimekuja kuwaomba radhi."

Miguu ikanyamaza.

Nikaeleza. Santuri, saa, skrubu, dakika arobaini na nane zilizolazimishwa kuingia arobaini na tano. Nikasema mwendo wao mpya ndio mwendo wao wa zamani. Nikasema nyota tuliyoivaa migongoni ni muhuri wa mnakili, haikuwahi kuwa ya bendi.

"Acha masihara!" mtu akapiga kelele.

"Wamekuhonga!"

"Hakuna wa kunihonga mimi," nikajibu. "Angekuwepo, ningekuwa na viatu vizuri zaidi ya hivi."

Wengine wakacheka. Wengine walianza kuvua fulana.

Sauti ikatoka katikati ya ukumbi. Kijana mwembamba, miwani, simu mkononi. Sikuwahi kumwona uso kwa uso lakini nilimjua kabla hajamaliza sentensi.

"Daftari!" Takwimu akasema. "Tulishika."

"Mlishika," nikasema.

Nikalitoa mkobani. Jalada gumu, kona zimelika, miaka tisa. Sikufumba macho. Nikachana ya kwanza, nikachana ya pili, halafu nikashika mafungu mazima na kuyararua. Karatasi zikajaa miguuni pangu. Kila mraruko ulisikika mpaka nyuma ya ukumbi. Kuna mtu akasema, "Basi, inatosha." Sikuacha. Neno langu ni langu, hata likiniuma.

Nilipomaliza nikagonga paji la uso kwa kidole.

"Karatasi nimewapa. Mashairi yamo humu. Nani ana mikono mirefu aje ayachukue?"

Hapo wakapiga makofi. Si wote.

Msasa akavuta maiki yake. Ile sauti yake ya kuchubua.

"Kijana, mnakili huyo ni nani?"

"Simtaji, mzee."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Nimekataa."

"Kampuni iliyoturekodi imeifungia kabatini kanda mama, ile ya kwanza iliyotoka studio. Haiitoi, haiiuzi, na sisi hatuna ruhusa ya kuigusa. Ndiyo maana tumerudia nyimbo zetu wenyewe tukiwa na magoti mabovu. Mwenzetu huyu aliuza ngoma zake miaka ile kwa sababu albamu haikuuza. Miaka thelathini na mbili nimetaka kuona sura ya mtu mmoja tu aliyekula jasho letu. Na wewe unamficha?"

"Namficha," nikasema. "Kama kuna adhabu, nipeni mimi."

"Hapana, nipeni mimi."

Sauti ilitoka mlangoni.

Nikageuka. Baba, na aproni yake ya kibandani, vumbi la shaba mpaka kwenye nyusi. Kopo la biskuti kwapani. Watu wakampisha bila kuombwa. Akapanda jukwaani, akafungua kopo, akauweka ule muhuri juu ya goti la Msasa.

"Ni mimi. Kijana hakuwa amezaliwa."

Msasa akauchukua. Akavaa miwani. Akaugeuza, akauangalia.

"Kandambili," akasema.

"Ya mguu wa kushoto," baba akasema.

Takwimu hakuweza kujizuia. "Mzee, ulinakili ngapi?"

"Sikuwa nahesabu, mwanangu. Nilikuwa nagonga muhuri tu. Wino uliisha vichupa sita."

"Kichupa kimoja kinagonga mara ngapi?"

"Mpaka kiishe."

Nilimwona Takwimu anafungua kikokotoo kwenye simu, anakitazama, anakifunga. Siku hiyo ilikuwa yangu pia, japo kidogo.

Lakini Msasa hakucheka.

"Ulitunyang'anya."

"Niliwanyang'anya," baba akasema. "Nilijiambia nawapenda. Nilikuwa nawapenda. Na niliwanyang'anya."

Mpiga ngoma alianza kutikisa kichwa, halafu mabega, halafu akashika mgongo kwa sababu kicheko kilikuwa kinamuumiza.

"Msasa," akasema, "ndiyo maana walikuwa wanatutangulia!"

Wazee wote wanne wakatazamana.

Msasa akashusha miwani. Akatugeukia. "Ziara yetu ya kwanza mji huu. Tunaanza 'Usinizime', umati mzima unaimba. Lakini wanaimba mbele yetu! Sisi tuko ubeti wa kwanza, wao wako kwenye kiitikio. Tukakimbiza, wakakimbia. Kila mji mwingine tulikuwa sawa. Hapa tu. Miaka yote tumejiuliza, hawa watu wana nini?"

Akauangalia muhuri tena.

"Mtu huyu alichukua mkate wetu," akasema, "na akatuletea ukumbi. Sijui nimpige au nimkumbatie, kwa hiyo leo sifanyi lolote. Samahani yake sina mfukoni. Lakini adhabu ninayo."

Akamwonyesha baba meza ya albamu mpya.

"Albamu hizi ni zetu, hakuna kampuni juu yake. Utazigonga nyota zote zitakazouzwa leo. Bure. Umesimama."

Baba akauma midomo. Mtu mmoja akakimbilia duka la jirani kununua wino.

Nikaomba maiki kwa mara ya mwisho. Nilikuwa na ubeti mmoja ambao haukuwahi kuingia kwenye daftari. Nilikuwa nimeutunga usiku kucha nikiangalia dari, bila kutarajia kuusoma mbele za watu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunichania.

*Kosa langu nalibeba, simpi mtu kushika,*
*Ni mwana, yeye ni baba, jina lake sitazika,*
*Nyimbo alizozikaba, ndizo zilizotufika,*
*Hesabu nilikosea, mapenzi sikukosea.*

Msasa akasimama. "Sasa tupige wa kwenu," akasema. "Wa mbio."

"Mgongo wangu!" mpiga ngoma akalalamika, lakini vijiti tayari alikuwa navyo.

Wakaupiga kama ulivyo kwenye kanda ya baba. Sijui waliupataje palepale. Labda walikuwa wameujua toka siku ile umati wa mji wetu ulipowatangulia. Ukumbi mzima uliimba, wenye fulana na waliovua. Wakati huu hakuna aliyemtangulia mtu.

Ulipoisha, Fundi Saa akainuka mstari wa mbele na saa yake ya kupimia.

"Nne na thelathini na tatu," akatangaza. "Mmechelewa sekunde tatu."

"Njoo uimbe wewe na goti langu!" Msasa akajibu.

Baba aligonga muhuri mpaka meza ikawa tupu. Ya mwisho aliitoa yeye mwenyewe kwenye rundo, akailipia, akaigonga. Hiyo ndiyo albamu ya kwanza kuinunua maishani mwake. Kichupa cha saba cha wino.

Tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani aliisoma nyuma ya jalada kwa muda mrefu.

"Ina dakika ngapi hii?"

"Hamsini na moja. Wameongeza wimbo mmoja."

Akatembea hatua kadhaa.

"Haiingii upande mmoja," akasema.

Nikasimama. Nikamtazama.

"Natania, mwanangu."

Hakuwa anacheka. Bisibisi nimeificha mimi.

Sasa wewe unayesoma hapa, ambaye kila kitu kipya unakiita takataka na kila cha zamani unakiita dhahabu. Sikukatazi kupenda. Mimi mwenyewe bado naisikiliza kanda ya baba, mbio zake na makosa yake, na anayetaka kunicheka anifuate nilipo. Ila kabla hujamwita mtu mwongo, chunguza kwanza masikio yako uliyapata wapi, na nani alikaza skrubu.

Ukikuta ni wa nyumbani kwenu, usimfiche na usimkane. Simama naye mezani, mshikie wino.